Namna ya kununua kompyuta na vifaa vya ofisi za umma kwa kujali mazingira: mwongozo kwa taasisi za Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni kwa maafisa ugavi, maafisa TEHAMA na wakuu wa idara katika halmashauri, shule, vituo vya afya na taasisi nyingine za umma za mikoa yetu miwili ya Kusini, ambao kila mwaka wa fedha hutakiwa kununua kompyuta, printa na vifaa vingine vya ofisi kwa bajeti isiyotosheleza mahitaji. Hoja ninayoisimamia ni moja: kinachoamua zaidi madhara ya kifaa cha ofisi kwa mazingira ni muda kitakaodumu kazini, na muda huo hupangwa kwenye karatasi ya vigezo vya kiufundi, kabla mzabuni yeyote hajaliona tangazo kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma.

Sababu yake ni hii. Sehemu kubwa ya hewa ukaa inayohusishwa na kompyuta mpakato hutolewa wakati wa kuitengeneza, kuanzia uchimbaji wa madini hadi utengenezaji wa chipu na vioo, na ni sehemu ndogo tu inayotokana na umeme itakaoutumia mezani kwa mtumishi. Kompyuta inayodumu miaka sita badala ya mitatu inatuepusha kuagiza nyingine ya pili, na inatuepusha pia mzigo mwingine wa taka. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kwamba asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaofaa. Shabaha ya 12.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu inazitaka serikali zitumie ununuzi wao kupunguza madhara ya namna hii, na kazi hiyo haifanyiki New York wala Dodoma pekee; inafanyika pia Tandahimba, Nachingwea na Liwale, pale afisa mmoja anapoandika mistari michache inayoeleza anataka kompyuta ya namna gani.

Kabla ya kununua, hesabu ulichonacho

Idara zinapowasilisha mahitaji kwa ajili ya mpango wa ununuzi wa mwaka, kila ombi la kompyuta mpya liambatane na maelezo ya ile inayotakiwa kuondolewa: umri wake, tatizo lake, na kama fundi wa TEHAMA ameifungua na kuikagua. Mashine nyingi zinazoitwa mbovu zina ugonjwa mmoja unaotibika. Kompyuta inayochukua dakika kadhaa kuwaka mara nyingi ina diski ya zamani ya kuzunguka, na ukiiwekea diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, na kuiongezea RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, inarudi kazini kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya. Kompyuta mpakato inayozima mara tu umeme unapokatika kwa kawaida inahitaji betri tu.

Hapa lipo jambo ambalo ofisi nyingi zinapambana nalo sasa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Ni kweli kwamba kompyuta isiyopata masasisho haifai kubaki kwenye mtandao wenye taarifa za wananchi au mifumo ya malipo, lakini kutofaa kwa kazi hiyo si sawa na kutofaa kwa kazi yoyote. Mashine kama hiyo inaweza kuwekewa programu endeshi ya Linux inayoendelea kupata masasisho, ikatumika katika maktaba ya shule ya sekondari au chumba cha mafunzo, mradi kitengo cha TEHAMA kiridhie na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao izingatiwe. Tumeshawahi kufanya jambo la aina hii kwa kiwango kikubwa kama taifa: vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilipelekwa kwa walimu baada ya kazi ya kuhesabu watu kwisha.

Vigezo viandikwe kwa hali ya hewa ya Kusini

Ofisi nyingi hunakili vigezo vya kiufundi kutoka kwenye zabuni ya taasisi nyingine, mara nyingi ya Dar es Salaam au Dodoma, na matokeo yake tunanunua vifaa kana kwamba vitakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi mwaka mzima. Fungua kompyuta ya mezani iliyotumika miaka miwili katika ofisi isiyo na kiyoyozi juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, utaona feni imevaa tabaka la vumbi jekundu lililoshikana kiasi cha kubanduka kwa ukucha, na mapezi ya kupoza prosesa yameziba. Shuka Mikindani ufungue nyingine iliyokaa karibu na dirisha linalotazama bahari: hapo vumbi ni kidogo, ila skrubu zimeota kutu na tundu za USB zimepata ukungu wa kijani unaotokana na shaba kuliwa na hewa ya chumvi. Hizi ni mashine mbili zilizokufa kwa sababu mbili tofauti, na hakuna hata moja kati ya sababu hizo iliyotajwa kwenye hati ya zabuni.

Kwa hiyo, taja kiwango cha joto na unyevu ambamo kifaa kinapaswa kufanya kazi. Vifaa vingi vya ofisi hutengenezwa kuhimili hadi nyuzi 35 za Selsiasi, na chumba chenye dari ya chini na paa la bati mwezi wa Novemba au Desemba kinaweza kufika hapo bila shida. Ukitaka nyuzi 40, andika nyuzi 40, na umtake mzabuni aoneshe ukurasa wa mtengenezaji unaothibitisha. Kwa ofisi za uwandani, taka kasha linalofunguka kwa bisibisi ya kawaida ili feni isafishwe kila robo mwaka bila kuvunja chochote.

Suala la umeme linastahili nafasi kubwa zaidi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mikoa hii iliendeshwa na umeme wa gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa, na kila mtumishi anazikumbuka siku za kukatika na kurudi kwa umeme, na kurudi kwenyewe kukija na nguvu inayounguza vifaa. Jibu lililozoeleka ni kununua kompyuta ya mezani pamoja na UPS yake, kifaa chenye betri kinachoiwezesha kuendelea kidogo umeme unapokatika. Hata hivyo, ndani ya kila UPS ya kawaida kuna betri ya madini ya risasi na asidi, ambayo katika vyumba vya joto huchoka mapema sana, na risasi ni sumu inayodhuru hasa ubongo wa watoto. Ofisi yenye kompyuta 40 za mezani ina betri 40 za namna hiyo zinazopaswa kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na aghalabu hakuna aliyepanga zitakwenda wapi.

Kompyuta mpakato ina betri yake ndani, hivyo haihitaji UPS. Inachohitaji ni kizuia umeme wa ghafla kwenye soketi. Matumizi yake ya umeme nayo ni madogo. Tuchukue mfano wa kompyuta ya mezani na skrini yake zinazotumia wati 100, na mpakato inayotumia wati 25, kila moja ikiwashwa saa nane kwa siku 250 za kazi. Ya kwanza itakula uniti 200 kwa mwaka, ya pili uniti 50. Kwa mashine 40 tofauti ni uniti 6,000, ambazo kwa bei ya takribani shilingi 350 kwa uniti ni shilingi 2,100,000 kila mwaka. Sisemi kila meza ipewe mpakato. Masijala na dirisha la malipo, ambako mashine haihami na wizi unahofiwa, panafaa kompyuta ndogo ya mezani ya wati chache, ambayo pia ni rahisi kutengenezwa. Ninachosisitiza ni kwamba uchaguzi ufanywe kwa kazi ya meza husika, tena gharama ya UPS na betri zake ihesabiwe kama sehemu ya bei ya kompyuta ya mezani na isifichwe kwenye kasma nyingine.

Maneno ya kuandika kwenye hati ya zabuni

Kigezo kinachosema kifaa kiwe rafiki kwa mazingira hakina maana yoyote mbele ya kamati ya tathmini, kwa sababu kila mzabuni atajibu kwamba chake ni rafiki. Kigezo lazima kiwe kitu kinachopimika au kinachothibitishwa kwa hati. Maneno yafuatayo yanaweza kurekebishwa kulingana na mahitaji ya taasisi:

«Betri, RAM na diski ya hifadhi viwe vya kubadilishwa na fundi kwa vifaa vya kawaida bila kuharibu kasha, na RAM iwe na nafasi ya kuongezwa angalau mara mbili ya ile iliyopo. Mzabuni athibitishe kwa maandishi ya mtengenezaji kwamba vipuri vya betri, chaja, kibodi na feni vitapatikana kwa muda usiopungua miaka mitano tangu siku ya makabidhiano. Waranti iwe ya miaka mitatu, na huduma itolewe ndani ya Mkoa wa Mtwara au Lindi. Pale ambapo kifaa hakitatengenezwa ndani ya siku saba za kazi, mzabuni atatoa kifaa mbadala.»

Sharti hilo la huduma ndani ya mkoa si upendeleo. Mwezi Mei 2024 mvua kubwa ziliikata barabara inayotuunganisha na Dar es Salaam eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama. Waranti inayotaka mashine isafirishwe zaidi ya kilomita 500 hadi kwenye karakana ni waranti ambayo mtumishi wa Masasi hataitumia, na kompyuta yenye hitilafu ndogo itaishia stoo ikiwa bado ina miaka mingi ya kufanya kazi. Sharti la namna hii linawafungulia pia mlango mafundi wa hapa, wakiwemo vijana waliosajiliwa kama vikundi maalumu ambavyo sheria inavitengea asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi. Matengenezo, usafishaji wa mashine na ubadilishaji wa betri ni kazi wanazoziweza kabisa.

Usitaje jina la kampuni ya kutengeneza. Inapolazimika kutaja ili kueleza kiwango, ongeza maneno «au kinacholingana nacho», kwani ushindani ni takwa la sheria, na kigezo cha mazingira kisitumike kuwa mwavuli wa kumbeba mzabuni mmoja.

Lebo za mazingira na namna ya kuzihakiki

Lebo husaidia kwa sababu zinamwondolea afisa ugavi kazi ya kupima vitu asivyoweza kuvipima. ENERGY STAR, iliyoanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 1992, inahusu matumizi ya umeme pekee. TCO Certified ya Uswidi na EPEAT zinakwenda mbali zaidi, zikigusa kemikali zenye madhara, urahisi wa kutengenezeka na mazingira ya wafanyakazi viwandani. Blauer Engel ya Ujerumani, ambayo ipo tangu mwaka 1978, utaikuta zaidi kwenye printa na karatasi. Zipo pia kanuni za Umoja wa Ulaya zinazojulikana kama RoHS, zinazozuia risasi na zebaki kuzidi asilimia 0.1 ya kila malighafi ndani ya kifaa, na kadmiamu kuzidi asilimia 0.01.

Kwa zabuni zetu napendekeza kudai lebo moja kati ya kadhaa, au ushahidi wa vipimo unaolingana nayo, maana ukidai lebo moja tu utawafungia nje wafanyabiashara wengi na bei itapanda bila sababu. Lakini usiridhike na stika. Stika huchapishwa popote. Waendeshaji wa lebo hizi wana orodha zilizo wazi kwenye tovuti zao. Chukua namba kamili ya modeli kutoka kwenye zabuni, itafute humo, kisha uchapishe ukurasa na kuuweka kwenye jalada. Modeli mbili zenye jina linalofanana zinaweza kutofautiana kwa herufi moja mwishoni, moja ikiwa imesajiliwa na nyingine haimo.

Bei ya miaka yote

Thamani ya fedha haipatikani kwa bei ya siku ya kwanza peke yake. Tuseme kwa mfano mpakato ya shilingi 1,800,000 ina waranti ya mwaka mmoja na RAM isiyoweza kuongezwa, hivyo inatarajiwa kutumika miaka mitatu. Gharama yake ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Nyingine inauzwa shilingi 2,400,000, na katika maisha yake ya miaka sita itahitaji betri ya shilingi 150,000 na nyongeza ya RAM na diski ya shilingi 200,000. Jumla ni shilingi 2,750,000, sawa na takribani shilingi 458,000 kwa mwaka. Iliyoonekana ghali ndiyo nafuu.

Ili hesabu hii itumike katika tathmini, njia ya kuikokotoa lazima iwemo kwenye hati ya zabuni tangu mwanzo: miaka itakayohesabiwa, bei ya uniti ya umeme, vipuri vitakavyojumuishwa. Kamati haiwezi kubuni kigezo baada ya zabuni kufunguliwa. Pale taasisi inaponunua kupitia mikataba maalumu ya vifaa mtambuka, yaani vinavyotumiwa na taasisi nyingi, ya GPSA, wakala wa serikali wa huduma za ununuzi, vigezo vya jumla vimeshawekwa, lakini bado ipo nafasi ya kuchagua modeli inayotengenezeka miongoni mwa zilizopo, na ya kupeleka mapendekezo ofisi ya GPSA ya mkoa kabla mikataba mipya haijaandaliwa. Nafasi hiyo ya pili itumiwe zaidi.

Printa, tona na karatasi

Kwenye printa, kifaa chenyewe ni gharama ndogo. Gharama kubwa ni tona, dramu na karatasi. Acha kununua printa ndogo kwa kila meza. Printa moja ya mtandao kwa kila ghorofa au kila idara, inayochapa pande zote mbili za karatasi na iliyopangwa kufanya hivyo bila mtumiaji kuchagua, huondoa taka nyingi kwa mkupuo. Katika vigezo, taka idadi ya kurasa ambazo katriji moja ya tona nyeusi inatoa kwa kipimo cha ISO/IEC 19752, kisha ugawe bei ya katriji kwa idadi hiyo ili upate gharama ya ukurasa. Printa ya bei ya chini kabisa mara nyingi ndiyo yenye ukurasa wa bei ya juu kabisa.

Makabrasha ya vikao yaangaliwe kwa jicho la peke yake. Kikao kimoja cha baraza la madiwani kinaweza kumaliza rimu nyingi za karatasi kwa taarifa ambazo wajumbe wanazisoma kwa siku moja. Kuwatumia wajumbe makabrasha kwa njia ya kielektroniki, na kuwachapia wale tu wanaoomba, ni uamuzi usiohitaji zabuni yoyote.

Mapokezi

Kamati ya ukaguzi na mapokezi isihesabu maboksi tu. Ifungue baadhi, iwashe mashine, isome namba ya modeli na namba ya utambulisho ya kila kifaa, na kuiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji ili kuona tarehe ya waranti, kwa sababu kuna vifaa vinavyoletwa kama vipya huku waranti yake ikiwa imeanza kuhesabiwa muda mrefu nyuma. Betri iliyovimba, hata kidogo, ikataliwe papo hapo. Siku hiyohiyo fundi apange mashine ijizime skrini na kulala baada ya dakika chache za kutotumika, na mzabuni aondoke na maboksi na vifungashio vyake kama mkataba ulivyotaka.

Kifaa kinapofika mwisho

Stoo nyingi za ofisi za umma zina rundo la skrini za zamani za kioo kizito, UPS zilizokufa na makasha ya kompyuta yenye kutu. Skrini hizo zina risasi nyingi ndani ya kioo, na hazitakiwi kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaochoma nyaya ili wapate shaba, kwani moshi wake unakwenda kwenye mapafu ya vijana wenyewe na majivu yanakwenda kwenye visima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki za mwaka 2021 zinataka taka hizi zishughulikiwe na wenye vibali, na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, ndiyo ya kuulizwa ni nani mwenye kibali halali.

Mzigo wa taasisi moja huwa mdogo mno kumvuta mkusanyaji kutoka Dar es Salaam. Dawa ni halmashauri mbili au tatu jirani kuunganisha mizigo yao, kila moja ikiwa imekamilisha taratibu zake za kufuta mali, na kuweka kwenye mkataba wa ununuzi mpya sharti kwamba mzabuni atarudisha vifaa chakavu kwa idadi ileile aliyoleta na kuvikabidhi kwa mwenye kibali, akileta hati ya makabidhiano kabla ya malipo ya mwisho. Gari lililoleta mzigo mpya lina njia ya kurudi. Wakati wa kusubiri, betri ziwekwe peke yake mahali pakavu juu ya mbao, katriji za tona zifungwe kwenye mifuko, na stoo isiwe ile inayovuja kuanzia Desemba.

Diski zote zifutwe kwa programu ya kufuta data au zitobolewe kabla hazijatoka getini, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu pia kompyuta ya zahanati iliyoharibika. Fundi aliyefuta aweke saini mbele ya namba ya kila kifaa, pamoja na umri kilioufikia na sababu ya kuondolewa. Orodha hiyo ipelekwe kwa afisa masuuli na iambatanishwe na maombi ya bajeti ya mwaka unaofuata, ili idara itakayoomba kompyuta 20 mpya ioneshe kwanza zile 20 zilizopita zilidumu miaka mingapi na zilikufa kwa nini.